Jina Pembeni mwa Ramani

Nina mwandiko mzuri. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu ni mwandiko huo huo uliomponza mama wa watu, na mwenye kosa ni vizuri alitaje mwenyewe kabla hajatajiwa. Kama ningekuwa naandika kama kuku anavyoparua uwanjani, labda Bwana Makokha asingeweza kusoma maneno niliyoandika pembeni mwa ile ramani. Euphrasia angekuwa hai mpaka leo, ananicheka jinsi ninavyomenya muhogo.

Mwaka huo wa sabini na saba nilifanya kazi katika ofisi moja ndogo mjini Busia, nyuma ya barabara iendayo forodhani. Waliniita mchoraji ramani, lakini kusema kweli nilikuwa mnakili. Unatandaza karatasi nyembamba inayopenya mwanga, unachora mito peke yake kwa wino mweusi. Karatasi ya pili, mistari ya mwinuko. Ya tatu, udongo, wapi ni kichanga na wapi ni mfinyanzi usiokunywa maji. Ya nne, nyumba za watu, kutoka kwenye picha zilizopigwa na ndege. Kisha unazipanga zote nne juu ya meza ya kioo yenye taa chini yake, na hapo ndipo unaona jambo ambalo hakuna karatasi hata moja iliyokuwa ikilijua: boma la fulani limekaa bondeni, juu ya mfinyanzi, mkabala na mto. Nasikia siku hizi mashine inafanya hayo yote wewe ukinywa chai. Sisi tulifanya kwa shingo zetu, na yangu inaniuma bado.

Mkuu wangu alikuwa Bwana Makokha, mpimaji, mtu wa Marachi, mpole lakini mbishi kama punda kwenye mambo ya kazi. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeivunja: alama yoyote inayoingia kwenye ramani lazima iandikwe pembeni imetoka kwa nani.

"Dada Hadijah," alikuwa akiniambia, "ramani bila chanzo ni uvumi umepakwa wino."

Niliipenda sheria hiyo. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, binti wa Edris mwenye lori, na nilipenda kitu chochote kilichonyooka.

Tulipewa kazi ya kuchora mstari wa mafuriko kando ya mto Malaba, katika kijiji kimoja cha Wateso ambacho sitakitaja. Walio juu ya mstari wangebaki. Walio chini ya mstari wangepewa viwanja juu, karibu na barabara kuu, na chifu angehakikisha wamehama kabla ya masika. Ugumu ulikuwa kwamba nchi ile ni tambarare, na mistari ya mwinuko tuliyokuwa nayo ilipishana kwa futi hamsini. Kati ya mstari na mstari unaweza kuzamisha kijiji kizima na ramani isijue. Ilibidi tuwaulize watu: mwaka ule wa mafuriko makubwa, mwishoni mwa sitini na moja, maji yalifika wapi?

Wanaume walitudanganya, tena bila kupepesa jicho. Mzee Okiror, aliyekuwa mkubwa wa ukoo ule, alitupeleka mpaka kwenye jiwe moja karibu kabisa na mto.

"Hapa," alisema. "Ilifika hapa, ikaona haya, ikarudi."

Wenzake wakacheka. Siwalaumu sana. Wakati huo kamati ya ardhi ilikuwa ikipita huko ikipima mashamba na kuyapa nambari, na watu waliogopa kwamba shamba likiandikwa kuwa la maji, litanyimwa nambari. Lakini Bwana Makokha alilitazama jiwe, akatazama udongo, akanivuta kando.

"Huyu mzee anatuchezea. Wewe nenda kwa akina mama."

Ndivyo nilivyofika kwa Euphrasia. Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye sauti nzito. Mumewe, Omagor, alikuwa kaka yake Okiror, na alikufa katika mafuriko hayo hayo tuliyokuwa tukiyauliza. Mwanawe wa pekee alikuwa Mumias akikata miwa, na mkewe, Benedetta, alikuwa amejengewa nyumba mpya ya nyasi chini kidogo ya boma, mahali pazuri penye majani mabichi mwaka mzima. Benedetta alikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni. Nilipewa muhogo nimenye, nikaumenya vibaya, nikachekwa. Nikauliza swali langu la maji. Kicheko kikakoma.

Euphrasia aliitazama ile nyumba mpya. Kisha akasimama, akajifunga leso.

"Mimi sikuonyeshi kitu," alisema. "Mimi naenda kutembea kwa shamba. Shamba ni yangu, nani atanikataza? Wewe kama unanifuata, uko na macho yako."

Nikamfuata. Tulipita kwenye mihogo, tukapita kwenye mtama, tukaingia kwenye shamba la Okiror na la jirani yake. Kila baada ya mwendo alisimama. Hakuinama, hakunyoosha kidole, hata midomo hakuielekeza kama watu wa huko wanavyofanya wakikuonyesha kitu. Alisimama tu akitazama mbele, na kila aliposimama palikuwa na kituta kirefu cha udongo uliokwisha kushuka, jiwe moja kichwani na mche mmoja wa mkonge. Nilihesabu hatua zangu na kuandika kwenye daftari. Kwenye cha sita alikawia.

"Huyu alipenda ajono kuliko chakula," aliuambia upepo, akimaanisha ile pombe yao ya nafaka ya wimbi. Nikajua huyo ndiye Omagor.

Vilikuwa tisa. Nilipogeuka kuangalia tulikotoka, ndipo nikaona. Makaburi yale yalikuwa yamejipanga kama ukingo wa sahani, na lile jiwe la Okiror lilikuwa mbali kule chini. Nyumba ya Benedetta ilikuwa katikati ya sahani.

Njiani tukirudi alinieleza. Katika ukoo wao, mtu aliyechukuliwa na maji harudishwi nyumbani. Anazikwa pale pale maji yalipomwacha, hata kama ni kwenye shamba la adui yake, na mwenye shamba hana ruhusa ya kukataa. Na ukishamzika, humwonyeshi mgeni kaburi lake. Ukimwonyesha mgeni, umeuonyesha mto njia ya kurudi.

"Basi kwa nini, mama...?"

Alinikatiza. "Tisa inatosha." Alikuwa akimtazama Benedetta aliyekuwa akimnyonyesha mtoto mlangoni. "Lakini wewe ndiye umeona. Umesikia? Ni wewe umeona."

"Nimesikia, mama," nikasema.

Sikuwa nimesikia kitu. Nilidhani ananisifia macho.

Bwana Makokha alikwenda na darubini yake ya kupimia akayapima yote tisa, akarudi akiwa amefurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Mimi nikachora. Alama tisa za msalaba, ndogo, sawasawa, na mstari mwekundu ukipita juu yake tu. Sijawahi kuchora kitu kizuri hivyo. Na pembeni, kama sheria ilivyotaka, kwa ule mwandiko wangu wa kujivunia, nikaandika: Makaburi ya waliochukuliwa na maji, 1961. Chanzo: Mama Euphrasia, mjane wa Omagor. Nikaiacha ikauke nikaenda zangu kula.

Baraza liliitishwa mwezi wa tatu, mwanzoni. Ramani ilibandikwa kwenye ubao. Bwana Makokha akaeleza mambo ya udongo na mwinuko, watu wakamsikiliza kwa adabu wasiamini hata neno. Okiror akasimama.

"Bwana mpimaji, hiyo laini yako nyekundu umeitoa wapi? Sisi tulikuonyesha jiwe."

Bwana Makokha hakuwa mtu mbaya. Aliulizwa chanzo, naye maisha yake yote alikuwa ameamini kwamba chanzo ndicho kinachomlinda mtu mkweli. Akainama kwenye ramani, akasoma pembeni, kwa sauti, mbele ya watu mia mbili na zaidi. Makaburi. Tisa. Mama Euphrasia, mjane wa Omagor.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Walinyanyuka mmoja mmoja wakaondoka, akina mama kwanza. Euphrasia alibaki amekaa kwenye nyasi, peke yake, miguu ameinyoosha, akinitazama mimi. Si Bwana Makokha, mimi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema, na mimi nilikuwa nimejikwaa kwa kalamu, ambayo hata haifutiki upesi.

Watu walihama. Hilo lazima niliseme. Chifu alikuja na askari wake, na kufikia mwisho wa mwezi nyumba kumi na saba zilikuwa zimebomolewa na kujengwa juu, ya Benedetta ikiwa ya kwanza. Lakini Euphrasia, ambaye nyumba yake ilikuwa tayari juu ya mstari na hakutakiwa kuhama hata hatua moja, ndiye aliyefukuzwa.

Benedetta ndiye aliyeniambia. Alikuja Busia siku ya soko, akanitafuta mpaka ofisini, hakukubali hata kuketi.

"Hawakumpiga," alisema. "Lakini hakuna mtu anachukua moto kwake. Akienda kisimani, wamama wanatoka. Kwa chungu ya ajono wanatoa mrija yake. Halafu mzee Okiror akamwambia, rudi kwenu mpaka mvua ipite, tuone kama mto itasahau."

"Kwao ni wapi?"

"Ng'ambo. Kwa kaka yake. Ni hapo tu ukivuka."

Ng'ambo ni Uganda. Mto wenyewe ndio mpaka, lakini kwa Wateso ulikuwa ni mto tu. Walioana huku na huko tangu zamani. Kwenye ramani yangu, ng'ambo ilikuwa nyeupe. Kazi yetu iliishia katikati ya maji, na baada ya hapo hakuna nyumba, hakuna mwinuko, hakuna mtu.

Benedetta alipoondoka nilitoa zile picha za ndege. Ndege haijui mpaka, inapiga ilipo, na kila picha ilikuwa imeingia ng'ambo upana wa vidole viwili. Nikaziweka chini ya ile miwani ya lenzi mbili inayoifanya nchi iinuke kama keki. Nikaliona boma la kaka yake Euphrasia, nyumba tatu na zizi. Nikaliona na bonde. Lilikuwa chini kuliko nyumba ya zamani ya Benedetta. Nikaenda na picha mkononi kwa Bwana Makokha.

Aliinamia picha. "Ni chini sana," alikubali. "Lakini dada, huko si kwetu. Nikichora huko nitaulizwa nani alinituma."

"Sikuombi uchore! Nakuomba useme!"

"Nimwambie nani?"

Nilimpigia kelele. Nilisema maneno ambayo binti wa Edris hakufundishwa nyumbani. Naye alikaa pale akigeuza kalamu, na mimi nilijua kwamba hasira yangu haikumstahili yeye.

Jumamosi nilipanda lori la baba mpaka Malaba, nikashuka kwa miguu hadi mtoni. Mto ulikuwa mdogo, wa kupita na viatu mkononi, lakini mwaka ule mpaka ulikuwa na maneno yake na sikuthubutu kuvuka. Nilimkuta Euphrasia ng'ambo akiosha muhogo. Tulizungumza hivyo, kila mtu kwenye nchi yake, hatua ishirini kati yetu.

"Mama! Hapo unapolala ni chini! Maji ikija itafika!"

"Najua," alijibu. "Si mimi nilikufundisha?"

"Basi toka! Panda juu!"

"Juu wapi, binti wa Busia? Juu ya kaka yangu ni shamba ya watu. Juu ya huko kwenu ni Okiror. Kaka yangu amesema mwezi huu ikiisha atajenga pale kwa kilima." Aliendelea kuosha muhogo wake. "Nitangoja."

Nikaanza kulia. Niliomba msamaha kwa sauti ya juu kama mtu anayetangaza samaki, maana maji yalikuwa yanapiga kelele. Yeye akasimama, akakung'uta mikono.

"Nilikuambia," alisema, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. "Nilikuambia ni wewe umeona. Ungeandika ni wewe. Wewe ni mtoto ya mji, wangekufanya nini? Wangekutukana tu, halafu unaenda nyumbani."

Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa amekwisha kunipangia kila kitu. Hakunionyesha kwa kidole, hakutaja jina, alitembea tu kwenye shamba lake, ili siku nikiulizwa niseme nimeona kwa macho yangu, na iwe kweli tupu. Alikuwa amenipa chanzo cha kuandika, nacho kilikuwa mimi. Mimi nikamwandika yeye, kwa heshima, kwa herufi nzuri.

"Rudi," alisema. "Mvua iko huko juu."

Nilitazama kaskazini. Mlima Elgoni ulikuwa mweusi tii.

Kwetu haikunyesha hata tone. Ilinyesha mlimani siku tatu mfululizo, na Jumatano alfajiri mto ukaja wote kwa pamoja. Tulipata habari Alhamisi: huku kwetu hakuna aliyekufa. Bwana Makokha alinitazama akaanza kutabasamu, kisha akaacha, maana mletaji habari alikuwa bado anaongea.

Tulifika kijijini Ijumaa. Maji yalikuwa yamerudi na kuacha tope na harufu. Ile sahani niliyoiona siku ya makaburi ilikuwa imejaa mpaka ukingoni. Mihogo ilikuwa imelala yote upande mmoja. Mahali pa nyumba ya zamani ya Benedetta hapakuwa na kitu, hata mawe ya mafiga. Ng'ambo, boma la kaka yake Euphrasia lilikuwa limefutika. Yeye na watoto wake walinusurika juu ya mti. Dada yake alirudi ndani kuchukua mbegu za wimbi.

Mto ulikuwa umemvusha. Ulimbeba kutoka nchi ile hadi nchi hii, bila kuulizwa kipande wala cheti, ukamweka kwenye mtama wa Okiror, kati ya kaburi la tano na la sita. Naye Okiror, aliyekuwa amemwambia arudi kwao, alishuka asubuhi akamkuta shambani mwake. Hakuwa na ruhusa ya kukataa. Alichimba mwenyewe.

Tulimkuta amekaa kando ya udongo mbichi, na jembe magotini. Benedetta alikuwa amesimama nyuma yake, macho yamevimba. Nikasema inna lillahi kimoyomoyo, nikadhani nitaweza kunyamaza. Sikuweza.

"Umeona?" Okiror aliniambia. "Mto ilionyeshwa njia, ikarudi. Imechukua mtu yake."

"Mzee!" nilisema. "Nyumba kumi na saba! Watoto wenu wote wako hai kwa sababu ya huyu mama! Kama angenyamaza mngekuwa mnachimba mpaka mwezi wa sita!"

Hakukasirika. Aligeuza uso akanitazama, na nikaona kwamba naye alikuwa hajalala tangu Jumatano.

"Hiyo ni kweli," alisema polepole. "Sasa niambie wewe, msomi. Kama hujaandika jina yake, hao watoto si wangekuwa hai vilevile? Na yeye pia?"

Benedetta alikuwa akinitazama, na mtoto mgongoni akinitazama pia.

Bwana Makokha alitoa darubini yake akapima. Alama ya juu kabisa ya maji ilikuwa hatua nne chini ya mstari wangu mwekundu. "Mstari umekaa sawasawa," alisema kwenye gari, kisha akaona aibu.

Jumatatu aliniwekea ramani mezani. Kazi ni kazi. Mafuriko mapya lazima yaingie. Niliwasha taa chini ya kioo, nikachora msalaba wa kumi kati ya wa tano na wa sita. Ulitoka sawasawa kama ile tisa ya kwanza, na hilo lilinichukiza.

"Chanzo?" aliuliza, bila kuinua macho.

Nilichukua wembe. Wino ukishakauka kwenye karatasi ile haufutiki kwa mpira. Unaukwangua kwa ncha ya wembe, herufi moja moja, ukishikilia pumzi usije ukatoboa. Nililikwangua jina la Euphrasia. Nikalikwangua na jina la mumewe. Ilinichukua karibu saa nzima, na Bwana Makokha, mtu wa sheria, alikaa kwenye kiti chake akaniacha.

Pale palipokuwa na jina pakabaki doa jeupe lenye ukungu, ambalo taa ya chini ililionyesha zaidi. Juu ya doa hilo nikaandika, kwa mwandiko wangu ule ule: Makaburi kumi. Chanzo: Hadijah binti Edris, wa Busia. Niliyaona mwenyewe.